Kilima Kitupu: Je, Picha ya Nchi Yaweza Kusema Uwongo?



Liko swali moja lililozuka katika parokia yetu, huku upande wa Kabambare, nalo halijanitoka moyoni tangu siku ile. Kwa kulisikia ni swali dogo. Lakini nilipolishika ili niling'oe, niliona lina mizizi mirefu kama mhogo wa miaka mitatu. Ndiyo sababu naliandika hapa, ili nanyi mlifikiri.

Halmashauri ya parokia iliazimia kutengeneza kalenda ya kuuza, tupate fedha za kununua mabati ya kanisa. Kijana mmoja wa kwaya, hodari wa kupiga picha kwa simu yake, akapewa kazi ya kutafuta picha kumi na mbili za nchi yetu: mto Lualaba wakati wa alfajiri, ukungu juu ya Luama, miembe mikubwa ya Kasongo, vilima vya nyasi na misitu iliyojificha mabondeni. Mimi niliambiwa nifuatane naye, maana mwalimu wa dini aliyezeeka huzijua njia zote.

Asubuhi moja tulifika mahali jua likichomoza. Kilima kilikuwa mbele yetu, kijani, laini kama mgongo wa ndama, na nyuma yake msitu mweusi. Wakati uleule wanawake watano walikuwa wakipita kwenda mashamba, vikapu mgongoni, kamba zimekaza vipaji vya nyuso. Kijana akainua simu. Nami nikamwambia: “Mwanangu, ngoja kwanza wapite. Wataharibu picha.” Akangoja. Wakapita. Akapiga. Picha ikawa nzuri, nzuri kweli kweli.

Dominika iliyofuata, baada ya Misa, tulizitandaza picha zote ukumbini ili Wakristu wachague. Mama mmoja mzee akasimama mbele ya ile ya kilima, akaitazama muda mrefu. Chini yake tulikuwa tumeandika maneno haya: Uzuri wa nchi isiyoguswa. Mama yule hajui kusoma, akaomba asomewe. Alipokwisha kusikia akanigeukia, akaniuliza polepole: “Mwalimu, na sisi tuko wapi?”

Nilidhani anawatetea wale wanawake wa vikapu. Kumbe sivyo. Akaweka kidole juu ya picha. Hapa palikuwa na njia. Hapa nyumba ya kaka yake. Hapa, penye ile miembe miwili, wazee walikaa jioni wakisuluhisha mashauri. Kijiji chao kilichomwa wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998. Walikimbilia msituni usiku, na wengine hawakurudi tena. Zile nyasi laini zilizotupendeza zimeota juu ya misingi ya nyumba zao.

Halmashauri ikagawanyika. Wengine walisema picha iondolewe mara moja. Wengine walisema: “Picha ni picha tu, haina kosa.” Na mzee mmoja mwenye akili akasema: “Tukianza kuuliza juu ya kila kilima nani alilia pale, tutabaki na kalenda ya mwezi mmoja.” Watu wakacheka, lakini kicheko hakikumaliza shauri. Je, picha ile ilikuwa uwongo? Na kama ni uwongo, dhambi ilikuwa ya nani, ya simu, ya kijana, au yangu mimi?

Uzuri una haki yake

Kwanza tuseme wazi kwamba kuupenda uzuri wa nchi si dhambi. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu alizitazama kazi zake siku kwa siku akaziona kuwa njema. Naye hakungoja mpaka mtu aumbwe ndipo ayasifu maji na miti. Kadhalika Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kisipotuletea sisi faida yoyote. Na Bwana wetu Yezu mwenyewe alipenda kujitenga na watu, kupanda mlimani peke yake na kusali. Basi picha ya ziwa au ya msitu, isiyo na mtu ndani yake, yaweza kuwa sala.

Tena tukubali kwamba sisi wenyeji mara nyingi tunapita katika nchi yetu kama vipofu. Mwenye ndoo kichwani hatazami ukungu, hutazama pa kuweka mguu. Yule kijana aliniambia neno ambalo sikulisahau: “Mwalimu, nimevuka Luama tangu utoto wangu, lakini mpaka nilipoutafutia picha sikuwa nimeuona.” Hiyo ni faida kubwa. Chombo kilichomfundisha mtoto wa Kabambare kumshukuru Mungu kwa ajili ya mto wake si chombo cha kudharauliwa.

Ndiyo kusema, mzee aliyetuchekesha alikuwa na haki kwa sehemu. Si kila picha iwe baraza la hukumu.

Watu waliotoweka Paris

Lakini picha ina tabia moja ambayo yafaa tuifahamu. Mwaka 1838 Mfaransa aitwaye Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya mji wa Paris, Boulevard du Temple, kutoka dirishani. Vyombo vya siku zile vilikuwa vizito kufanya kazi, vilihitaji dakika kadhaa kukamata mwanga wa picha moja. Barabara ile ilikuwa na watu wengi na magari ya farasi, mchana kweupe. Walakini ukiitazama picha unaona barabara tupu. Kila aliyetembea ametoweka, kwa kuwa hakutulia mahali pamoja. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama ili apigwe viatu rangi.

Fikirini, ndugu zangu. Mwenda sokoni, mbeba mzigo, mwendesha gari, wote walikuwapo, na wote wamefutika. Chombo cha Daguerre kiliwafuta kwa udhaifu wake, wala hakuna wa kulaumiwa. Bali simu ya kijana wetu haina udhaifu huo, yamkamata hata ndege arukaye. Wale wanawake watano hawakufutwa na chombo. Walifutwa na neno langu: ngoja wapite.

Watu husema kwamba picha haisemi uwongo. Ni kweli, picha husema yaliyosimama mbele yake. Lakini haisemi ni nani aliyeambiwa aondoke. Shahidi barazani aweza kutoa maneno kumi ya kweli na kulificha la kumi na moja, na kwa kulificha hilo yale kumi yote yageuka uwongo. Amri ya nane haikatazi maneno ya uwongo peke yake. Yakataza ushuhuda wa uwongo, na ushuhuda waweza kutolewa kwa picha kama kwa ulimi.

Hapo nikaona njia ya kulitatua shauri letu. Kila picha huacha kitu nje, maana nchi ni kubwa na karatasi ni ndogo. Kuacha si kosa. Lakini kunyamaza si sawa na kunyamazisha. Mtu asaliye hunyamaza. Mwenye nguvu humnyamazisha mnyonge. Kwa nje vyote viwili ni kimya kilekile. Picha ya kile kilima, kwa yenyewe, ilikuwa imenyamaza. Ni yale maneno tuliyoandika chini yake, nchi isiyoguswa, yaliyomnyamazisha mama yule na kaka yake na kijiji chao chote.

Na neno langu kwa kijana je? Nilipojichunguza dhamiri usiku, nilikuta jambo la kunitia haya. Sikuwaondoa wale wanawake kwa kutafuta kimya cha sala. Niliwaondoa kwa sababu nilivionea aibu vikapu vyao. Nilitaka Kabambare ifanane na kalenda za Ulaya, zenye milima na maziwa yasiyo na jasho la mtu. Niliwapenda vilima kuliko dada zangu. Hiyo ndiyo dhambi niliyoiungama, wala sikuona kuwa ni ndogo.

Neno “tupu” lina historia

Huenda msomaji atasema: Mwalimu, unazidisha mambo. Maneno chini ya picha yataweza kumdhuru nani?

Nitajibu kwa mambo ya nchi yetu. Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi zote zisizo na mwenyewe ni mali ya Dola. Zilikuwa ardhi gani hizo? Shamba lililopumzishwa ili lirudishe nguvu, machoni pa wageni lilikuwa pori tupu. Msitu ambamo baba zetu waliwinda, walichuma dawa na kukusanya asali, nao ulikuwa mtupu. Waliona nyumba tu kuwa ni mali ya mtu, na mengine yote wakayahesabu kuwa hayana mwenyewe. Kwa neno hilo moja, mpira wa msituni na pembe za ndovu vikawa vya Dola, na aliyevichukua bila ruhusa katika msitu wa babu yake akaitwa mwizi. Yaliyofuata katika wakati wa mpira mnayajua.

Tena ni picha zilizosaidia kuyafichua. Mwaka 1904, huko Baringa katika nchi ya Equateur, mama mmoja mmisionari Mprotestanti kutoka Uingereza, Alice Seeley Harris, alipiga picha ya mtu aitwaye Nsala. Mtu huyo ameketi ukumbini, anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, ndivyo vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumwua. Nyuma yake yaonekana miti, majani, mwanga wa jua. Kama mama yule angegeuza chombo chake kidogo tu upande, angepata picha nzuri ya miti ya Kongo, nasi tusingalijua neno. Picha yake ilionyeshwa Ulaya na Marekani katika mikutano mingi, ikawa mojawapo ya mambo yaliyoamsha dhamiri za watu, hata mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Kongo iwe chini ya serikali ya Ubelgiji.

Basi mwenye kupiga picha huchagua mahali pa kusimama, na wakati mwingine uchaguzi huo ni jambo la uzima na mauti.

Mtu mwenye macho mawili

Twende sasa Nyangwe, kando ya Lualaba, katika wilaya ya Kasongo. Ukisimama leo penye ukingo asubuhi utaona maji mapana yanayong'aa, mitumbwi ya Wagenya, na upande wa pili miti iliyoinama. Ni mahali pa picha kabisa. Mchanga hausemi neno.

Mwaka 1871 palikuwa na soko kubwa hapo, soko la wanawake hasa, waliokuja kwa mamia na samaki, vyungu na vyakula. Daktari David Livingstone alikuwapo. Kabla ya kufika Nyangwe alikuwa amekaa miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, akiugua vidonda vya miguu. Katika maandiko yake aliisifu nchi ya Maniema kuwa nzuri mno. Ni mtu huyohuyo aliyeona kwa macho yake, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa watumwa na pembe wakiwapiga bunduki akina mama wa soko. Wengi walijitupa mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone hakuwa na chombo cha picha siku ile. Hata karatasi ilikuwa imemwishia, pamoja na wino. Aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Kiingereza, akivuka mistari iliyochapwa, kwa wino uliotokana na mmea wa huku. Wino huo ulififia mpaka hakuna aliyeweza kuyasoma yote. Ndipo mwaka 2011 wataalamu walipozipiga picha kurasa zile kwa mwanga wa rangi mbalimbali, na maneno yakatokea tena baada ya miaka 140. Wakaona pia kwamba maneno ya siku ile na maneno ya kitabu kilichochapwa mwaka 1874, baada ya kifo chake, hayalingani katika mambo kadhaa.

Naliwaza sana jambo hili. Mkono mmoja uliandika kwamba nchi ni nzuri, na mkono huohuo ukaandika kwamba akina mama wameuawa. Hakusema: nchi hii ni nzuri, kwa hiyo nisiharibu sifa yake kwa habari ya mauaji. Wala hakusema: watu wameuawa hapa, kwa hiyo uzuri wa mto ni udanganyifu. Alikuwa na macho mawili, akayatumia yote mawili. Hata hivyo ushuhuda ulipopita katika wakati na mikono ulibadilika hapa na pale, ikawa lazima mwanga uje kuurudisha. Ndivyo ilivyo kwa kila shahidi, hata aliye mwema. Huhitaji kusahihishwa.

Tena nchi yenyewe hushuhudia kwa mwenye kujua kuisoma. Mwembe si mti wa asili ya Afrika. Ulitoka Asia, ukafika pwani, ukaenea bara pamoja na watu. Uonapo safu ya miembe Kasongo au Kabambare, unaona njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na waliobebeshwa mizigo wakipita. Mpunga wa Kasongo ulikuja na watu wa misafara ileile. Michikichi mingi ikisimama pamoja katikati ya msitu, mara nyingi huonyesha mahali palipokaliwa zamani. Kwa hiyo kile kilima chetu hakikuficha kitu. Miembe miwili ilikuwamo ndani ya picha, ikipiga kelele. Sisi ndio tulioandika kwamba hakuna aliyepagusa.

Uwongo wa upande wa pili

Lakini tusije tukakimbia moshi tukaingia motoni. Uko uwongo mwingine, nao umetuumiza vilevile.

Wapo wajao nchini kwetu wakitafuta machozi tu. Hupita mbele ya Lualaba bila kuinua macho, wakatafuta mtoto mwenye njaa, askari, shimo la dhahabu huko Salamabila lenye matope na vijana waliolowa. Mambo hayo yapo. Lakini mtu wa mbali akiona hayo peke yake, miaka na miaka, atadhani kwamba Kongo haina asubuhi, haina ua, haina mama acheke mtoni. Na akishadhani hivyo, hatatusikitikia kama ndugu. Atatuona kama watu waliozaliwa kwa ajili ya mateso. Huo nao ni ushuhuda wa uwongo.

Tena kumtia mtu katika picha pasipo idhini yake si kumheshimu. Wale wanawake watano, je, walitaka kupigwa picha na vikapu vyao, nguo za shambani mwilini? Sikuwauliza. Niliwaondoa bila kuwauliza, na kama ningewatia ningewatia bila kuwauliza. Kosa ni lilelile, kuwahesabu kama miti.

Mfano wa mafundi wawili

Tazameni jinsi mafundi wakubwa wa kazi hii walivyoshindana na swali letu.

Mmarekani Ansel Adams alisifiwa duniani kote kwa picha zake za milima na mabonde. Mwaka 1944 alipiga picha ya jua likichomoza juu ya milima ya Sierra Nevada, karibu na mji mdogo wa Lone Pine. Katika kilima cha mbele wanafunzi wa mji ule walikuwa wameandika herufi mbili kubwa, L na P, kwa mawe meupe. Adams hakuzipenda, akazifuta katika picha yake kwa mkono. Wengine wakamlaumu kwamba amedanganya.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Si mbali na hapo palikuwa na kambi ya Manzanar, mahali ambapo serikali ya Marekani iliwafungia maelfu ya watu wenye asili ya Japani wakati wa vita, wengi wao raia wa Marekani, bila kosa wala hukumu. Adams aliingia katika kambi ile, akawapiga picha watu wake, kila mmoja na uso wake na jina lake, na mwaka uleule wa 1944 akatoa kitabu cha kuwatetea, wakati Wamarekani wengi hawakutaka kusikia neno lao. Basi tumhukumu je? Alizifuta herufi za mawe, lakini watu hakuwafuta. Nadhani mbele ya Mungu fundi huulizwa habari ya kazi yake yote, na picha moja haiwezi kumwokoa wala kumhukumu.

Mwingine ni Sebastião Salgado wa Brazil, aliyefariki mwaka 2025. Huyu alitufikia karibu. Mwaka 1994 alikuwa Goma, kati ya wakimbizi wa Rwanda, akaona vifo vingi mno hata roho yake ikaugua, akachoka na kazi yake na kuwakatia tamaa wanadamu. Akarudi katika shamba la baba yake huko Aimorés, akakuta vilima vya utoto wake vimekuwa vipara, msitu umekatwa, chemchemi zimekauka. Yeye na mkewe Lélia, kwa shirika walilolianzisha mwaka 1998, wakaanza kupanda miti, na kwa miaka iliyofuata ikapandwa zaidi ya milioni 2. Maji yakarudi, ndege wakarudi. Baada ya hapo ndipo alipochukua tena chombo chake na kuzunguka dunia kutafuta milima, misitu na maji, pamoja na watu wakaao humo, akatoa kitabu mwaka 2013. Alikiita Genesis, yaani Mwanzo.

Mnauona utaratibu wake? Kwanza aliwatazama watu mpaka moyo ukavunjika. Halafu mkono ukapanda. Mwisho jicho likaruhusiwa kufurahi. Uzuri wa picha zile haukuwa njia ya kuwakimbia ndugu. Ulitokea upande wa pili wa machozi.

Yatupasa tufanye nini?

Wasomaji wapendwa, leo vijana wengi wana simu yenye jicho.  Kwa hiyo yafaa wazazi na walimu tuwafundishe mambo machache.

Kwanza, kabla ya kuinua chombo, simama kidogo bila chombo. Mshukuru Mungu kwa macho yako mwenyewe. Asiyeweza kutazama bila kuchukua hutazama kama mnunuzi. Kumbukeni kwamba Shetani naye alimpandisha Yezu mlimani, akamwonyesha milki zote na fahari yake ili azitamani. Yezu alipokaribia Yerusalemu na kuuona mji, aliulilia. Mahali pa juu panaweza kumfundisha mtu tamaa, au kumfundisha huruma.

Pili, uliza. Kilima hiki chaitwaje? Nani alilima hapa? Nani amezikwa hapa? Mwulize mwenye kupita kama apenda kuwamo au apenda kuachwa.

Tatu, uwe mwangalifu na maneno unayoyaandika chini ya picha. Usiseme “tupu” mahali ambapo hujauliza.

Huenda mwataka kujua kalenda yetu iliishaje. Padri hakutoa hukumu. Alituambia turudi kwa yule mama, kwa kuwa kilima ni chake kabla ya kuwa cha kalenda. Tulikwenda, kijana na mimi, tukaketi nje ya nyumba yake. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, sikusema mwitoe. Ni nzuri. Hata sisi tuliipenda, ndiyo sababu tulijenga pale. Andikeni jina letu tu.”

Hayo yalinichoma kuliko lawama. Katika mashauri yetu yote hakuna aliyefikiri kwamba watu wa kijiji kile nao walikuwa na macho, kwamba walichagua mahali pale wakijua jinsi jua linavyochomoza. Tulidhani sisi na simu yetu ndio wa kwanza kuuona uzuri wake.

Picha ikachapwa katika mwezi wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na chini yake jina la kijiji na maneno mawili tu: Tulikaa hapa. Jina hilo siliandiki katika gazeti, kwa kuwa mama yule aliomba lisipelekwe mbali. Alisema si kila mtu atafutaye kilima chetu hukitafuta kwa heri. Nchi ya dhahabu hujifunza kuficha majina, nasi yatupasa kuheshimu hofu hiyo.

Na katika mwezi wa Mei wako wale wanawake na vikapu vyao. Tuliwatafuta, tukawauliza. Wanne walikubali kwa furaha, wakavaa vitambaa vizuri vya kichwa. Wa tano alikataa, akasimama kando na kuwacheka wenzake. Hakuonekana katika picha, lakini safari hii hakuna aliyemwondoa.

Namaliza. Kitabu cha Mwanzo chatuonyesha Mungu akitembea bustanini, mahali pazuri kuliko mahali pote, wakati wa ubaridi wa jioni. Haikuandikwa kwamba alisimama kuzisifu mandhari. Alimtafuta mtu, akamwita, akamwuliza yuko wapi. Na katika sura inayofuata, katika shamba, alimwuliza Kaini habari ya ndugu yake, nayo ardhi ikashuhudia. Mara mbili Mungu atazama nchi, na mara mbili aulizia mtu. Lile neno la yule mama asiyejua kusoma, na sisi tuko wapi, nadhani alilipokea kwake.

Basi, ndugu yangu mwenye simu mkononi, piga picha ya Lualaba, piga picha ya Luama na ya vilima vyetu, na Mungu akubariki. Lakini kabla hujaondoka pale uliposimama, geuka nyuma yako, utazame ni nani aliyesogea kando ili picha yako iwe nzuri.